Bawabu Amepotea, Nyumba Ingalipo



Juma hili tumepokea barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye yeye na mumewe wamehamia Ngoingwa, kule Thika, kwa ajili ya kazi. Nyumbani kwao mna laptopu moja inayotumiwa na watu wanne. Mama mwenyewe huweka humo hesabu za biashara yake ya kushona madera na mabuibui. Mwanawe mkubwa, anayesoma chuo kikuu kule Juja, aliweka Linux ya aina ya Ubuntu kando ya Windows, kwa sababu masomo yake yaitaka. Upande huo wa Ubuntu ndiko alikohifadhi rekodi za sauti za marehemu nyanya yake, akisimulia nasaba ya ukoo wao, nani alimzaa nani na kila mmoja alitoka mji gani. Rekodi hizo hazina nakala pengine popote.

Sasa mdogo wake, kijana wa miaka 13, alipokuwa akitafuta nafasi ya kuweka michezo, aliona ndani ya Windows fungu kubwa la diski lisilokuwa na jina wala herufi. Akalidhania kuwa bure, akalifuta. Laptopu ilipozimwa na kuwashwa tena, haikuonyesha Windows wala Ubuntu, ila kioo cheusi na neno moja, grub>, likisubiri kuandikiwa kitu. Fundi mmoja wa mjini akaitazama, akasema kuwa diski imevurugika na dawa yake ni kuifomati na kuweka Windows mpya. Dada yetu auliza mambo mawili: Je, amkubalie fundi? Na kijana afanywe nini?

Kwa swali la kwanza tulimpigia simu siku ile ile, tukamwambia asikubali kwanza. Majibu kamili twayaweka hapa, kwa kuwa nyumba zenye kompyuta ya aina hii zimeongezeka. Microsoft ilipositisha huduma zake za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi zilizonunuliwa baada ya kutumika Ulaya zilibaki nyuma, kwani Windows 11 yadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Vijana wengi wakaona njia nyepesi ni kuweka Linux kando ya Windows iliyopo. Ni jambo jema, lakini nyumba yenye wapangaji wawili yahitaji bawabu, na bawabu akipotea, wenyeji hudhani nyumba imebomoka.

Na tulieleze hilo la bawabu. Kompyuta inapowashwa, haijui Windows wala Ubuntu. Kinachoamka kwanza ni programu ndogo iliyomo katika ubao mkuu wa mashine, ambayo wazee waliizoea kwa jina la BIOS na katika mashine za siku hizi huitwa UEFI. Programu hiyo huenda kwenye fungu dogo la diski, ambalo mara nyingi halizidi MB mia chache, na humo hukuta anwani za mabawabu. Bawabu wa Windows huitwa Windows Boot Manager. Bawabu wa Ubuntu huitwa GRUB, naye ndiye mwenye kukuuliza kwa menyu ni mlango upi uufungue. Hawa mabawabu wala hawakai ndani ya vyumba mnamokaa faili zenu. Kazi yao ni kuonyesha njia tu.

Katika mashine ya dada yetu, GRUB huweka kipande chake kidogo katika lile fungu la mlangoni, lakini menyu yake na sehemu kubwa ya vifaa vyake vimo ndani ya fungu la Ubuntu. Kijana alipolifuta fungu la Ubuntu, kile kipande cha mlangoni kilibaki kimesimama, chaulizia menyu isiyoonekana. Ndiyo maana kinaandika grub> na kunyamaza. Laptopu nyingine, hasa za zamani, huandika grub rescue> badala yake. Maana yake ni ile ile. Windows haikuguswa hata kidogo. Hesabu za madera zimo vile vile zilivyokuwa jana.

Tena lipo jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Kufuta fungu si kufuta yaliyomo. Mwanzoni mwa diski mna jedwali linaloandika kwamba fungu hili laanzia hapa na kuishia pale. Anayefuta fungu huondoa mstari mmoja katika jedwali hilo. Ni kama mtu aliyerarua ukurasa wa yaliyomo katika kitabu: sura zote zingalipo, ila hakuna anayeelekeza zilipo. Sura hizo hupotea pale tu mtu anapoandika kitu kingine juu yake. Basi sauti ya marehemu nyanya, kwa kadiri ya maelezo ya barua, ingalimo ndani ya laptopu ile, na hatari kubwa inayoikabili ni ile dawa ya kufomati. Katika diski za aina ya SSD jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa kufomati kwaweza kukiamuru kifaa chenyewe kiyasafishe maeneo yale, na baada ya hapo hakuna fundi wa kuyarudisha.

Kwa hivyo utaratibu ni huu, na mpangilio wake una maana.

Kwanza, ingieni Windows bila kutengeneza chochote. Katika mashine za UEFI, mara nyingi yatosha kuandika exit mbele ya lile neno grub> na kubonyeza Enter. Mashine huenda kwa bawabu anayefuata. Ikikataa, izimeni, iwasheni, na papo hapo bonyezeni mfululizo kitufe cha kuchagulia mlango: kwa laptopu nyingi za HP ni F9, kwa Dell na Lenovo ThinkPad ni F12. Itatokea orodha fupi. Chagueni Windows Boot Manager. Ikiwa mashine ni ya zamani, yenye mtindo wa BIOS, orodha hiyo haitawafaa. Hapo huhitajika fleshi yenye Windows ya kusimika, kuingia katika sehemu yake ya ukarabati, na kuandika amri bootrec /fixmbr. Amri hiyo humrudisha bawabu wa Windows peke yake wala haigusi faili.

Pili, huenda Windows ikadai ufunguo wa BitLocker kabla ya kufunguka. Ufunguo huo ni tarakimu 48. Laptopu nyingi za siku hizi hufunga diski kwa siri zenyewe pindi mwenye mashine anapojisajili kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Ingieni katika akaunti kwa simu, mtaukuta. Asiye na ufunguo asibadilishe chochote katika mipangilio ya UEFI, hasa ile ya Secure Boot, kwani badiliko dogo hapo laweza kuifanya Windows ijifunge na kudai tarakimu hizo. Katika makosa yote tunayoyataja leo, hili ndilo linaloweza kumpotezea mtu kila kitu ilhali diski yake ni nzima.

Tatu, Windows ikifunguka, nakilini hesabu na picha zote katika diski ya nje au fleshi kabla ya jambo jingine lolote. Msiongeze programu. Msitengeneze fungu jipya mahali pale palipofutwa, wala msilipanue fungu la Windows likameza nafasi ile. Ikiwa kijana alikwisha kuipanua na kuweka michezo, izimeni mashine mara moja na msiitumie tena, kwa kuwa kila dakika Windows inapofanya kazi yaweza kuandika juu ya kilichokuwa humo.

Nne, irudisheni ile safu iliyoraruliwa katika jedwali. Hii ni kazi ya mwana mkubwa atakaporudi kutoka Juja, au ya fundi mwenye subira. Huhitajika fleshi ya GB 8 au zaidi iliyowekwa Ubuntu. Asiye na intaneti ya kutosha nyumbani aweza kuipakua saiba. Kompyuta ikiwashwa kwa fleshi hiyo, mtachagua kuijaribu Ubuntu bila kuisimika. Humo hutumika programu ya bure iitwayo TestDisk, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Hiyo husoma diski yote ikitafuta alama za mafungu yaliyopotea. Ikilipata fungu la Ubuntu, bonyezeni herufi P, nayo itawaonyesha majina ya faili zilizomo. Mkiyaona majina ya rekodi za nyanya, nakilini kwanza rekodi zenyewe katika diski ya nje. TestDisk yaruhusu kunakili hapo hapo. Baada ya hapo ndipo mwaweza kuiamuru iandike jedwali upya.

Tano na mwisho, mtengenezeni bawabu. Mara nyingi hatakuwa na haja ya kutengenezwa, kwa kuwa fungu likisharudi mahali pake, GRUB huliona na menyu ikatokea kama zamani. Isipotokea, fleshi ile ile ya Ubuntu hutumika kuingia katika fungu la Ubuntu na kumsimika GRUB tena kwa amri za grub-install na update-grub, au kwa programu ya Boot-Repair inayofanya hayo kwa kubonyeza kitufe. Angalieni kwamba kazi hii ya bawabu, ambayo ndiyo iliyowapeleka kwa fundi, tumeiweka mwisho. Mwenye nyumba hukimbilia mlango kwa sababu ndio anaouona. Lakini mlango haupotei kwa kungojea siku tatu, na yaliyomo ndani yaweza kupotea kwa haraka ya saa moja.

Si kila kioo cheusi ni kisa cha Ngoingwa. Wasomaji wetu wengine watakutana na dalili nyingine tatu, nazo twazitaja kwa ufupi.

Ya kwanza ni pale Windows inapofunguka moja kwa moja na menyu ya kuchagua isionekane tena. Aghalabu hutokea baada ya usasishaji mkubwa wa Windows, ambao humpandisha bawabu wake awe wa kwanza. Hakuna kilichoharibika. Ingieni katika mipangilio ya UEFI, mlirudishe jina la ubuntu juu ya orodha, na yatakuwa yamekwisha.

Ya pili ni ujumbe unaosema Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation, kisha mashine ikajizima. Hilo liliwakumba watu wengi duniani mnamo Agosti 2024, Microsoft ilipotoa usasishaji wa kuwakataa mabawabu wa zamani wenye kasoro za usalama, na ukawakataa hata waliokuwa halali katika kompyuta zenye mifumo miwili. Tiba yake ni kuizima Secure Boot kwa muda, kuingia Ubuntu, kuifuta ile sera ya SBAT kwa amri ya mokutil, kuisasisha Ubuntu, kisha kuiwasha Secure Boot tena. Na kumbukeni tulilolisema juu ya ufunguo wa BitLocker kabla ya kuigusa.

Ya tatu hupatikana katika laptopu zilizokula miaka. Saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka mingi kila inapochomolewa umeme, na mipangilio yote ya UEFI hurudi ya kiwandani. Hapo mkosaji ni betri ndogo ya duara iliyomo kwenye ubao mkuu, mfano wa betri ya saa. Bei yake ni ndogo, na fundi mwenye bisibisi huibadilisha kwa muda mfupi. Wako watu waliofomati mashine zao mara mbili na tatu kwa ajili ya betri hiyo.

Sasa turudi kwa fundi. Hatumtuhumu. Yeye akishafomati, Windows mpya itafunguka mbele ya mteja, mteja atafurahi, na kazi imekwisha kwa saa moja. Kutafuta fungu lililopotea huchukua muda mrefu, na pengine lisipatikane. Tena kilichopotea si chake, wala hakuambiwa kuwa kipo. Wajibu wa kusema ni wa mwenye mali. Unapompa fundi kompyuta, mwambie wazi: data iliyomo nataka, hata kama mashine haitawaka. Muulize: Je, kazi hii itafuta chochote? Utanakili kwanza wapi? Nakala hiyo utaifuta lini? Fundi mwaminifu hujibu maswali haya bila kununa. Asiyeweza kuyajibu, mshukuru na uchukue laptopu yako.

Na lipo la sitara. Laptopu ya nyumbani ina picha za wake na mabinti wakiwa ndani, picha za arusi upande wa wanawake, barua za hospitali, nakala za vitambulisho. Vitu hivyo vikiwa mikononi mwa mtu ni amana, naye aliyepewa hufungwa nayo. Hata sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data yaheshimu haki hiyo. Lakini busara haimwachii mtu mtihani usio wa lazima. Ikiwezekana, kaa naye anapofanya kazi, au atengeneze nyumbani kwako. Nywila yako usiiandike kwenye karatasi ukaibandika juu ya mashine. Kazi ya kutengeneza bawabu, kama tulivyoeleza, haihitaji kufungua albamu ya mtu.

Limebaki swali la kijana. Dada yetu asema kuwa baba yake alikasirika sana, na kwamba mtoto alikuja mwenyewe kusema alichokifanya kabla ya kuulizwa. Basi sisi twasema: mtoto huyu ndiye aliyeiokoa rekodi. Lau angenyamaza, fundi asingejua kwamba kuna fungu lililofutwa, wala mama asingejua, na wote wangekubaliana kufomati kwa kudhani kuwa diski imekufa. Kosa lake ni kufuta asichokijua, na afundishwe hivyo kwa upole na kwa kuonyeshwa. Lakini akiadhibiwa siku aliyosema kweli, siku nyingine atajua kuficha. Alaumiwe kidogo na kaka yake pia, aliyemwingiza mpangaji nyumbani bila ya kuwaambia wenyeji. Kwao lile fungu lilikuwa chumba kisicho na mwenyewe. Jambo zuri ni kuwaketisha pamoja, mkubwa akimwonyesha mdogo namna ya kulirudisha. Watatoka na ujuzi na udugu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twaishauri kila nyumba yenye kompyuta iwe na daftari dogo, likae na hati nyingine za nyumba. Liandikwe humo diski ina mafungu mangapi na kila moja ni la nini, kitufe cha kuchagulia mlango ni kipi, ufunguo wa BitLocker ni upi, na nakala za mwisho zilifanywa tarehe gani na zimewekwa wapi. Fleshi ya Ubuntu iwekwe katika bahasha ndani ya daftari hilo. Na yale yasiyoweza kufanywa upya, kama sauti ya mzee aliyekwisha kututoka, yawe na nakala mbili nje ya kompyuta: moja nyumbani na moja kwa jamaa wa mbali. Rekodi ya nasaba iliyokaa Ngoingwa peke yake haina budi kuwa na pacha wake Mombasa.

Dada yetu, usimpe fundi ruhusa mpaka mwanao arudi kutoka Juja. Iache laptopu imezimwa, na mkishajua yaliyotokea, tuandikieni.

Wabillahi taufiq.